Kutoa Upepo

Mtaa mzima wa Isevya umeshatoa hukumu:
sahani ya klachi imekwisha, shusha giaboksi.
Fundi Lugusi ametaja na bei
huku akichokonoa meno.

Mimi nasema ngoja.
Kanyaga mara moja, gia ya kwanza inapiga kelele
kama ukoko ukikwanguliwa kwa kijiko cha bati.
Kanyaga mara tatu, upesi upesi,
inaingia kimya.
Sahani iliyokwisha huteleza mlimani,
haibembelezwi hivi.

Nafungua boneti ya Landrova ya Baba,
mia na tisa, rangi ya majani makavu,
nta ya nyuki bado imeganda kwenye bawaba za nyuma.
Kikopo cha oili kina unyevu tu.
Oili haiendi mbinguni. Imekwenda wapi?
Napapasa nyuma ya pedali: pakavu.
Masta ya juu haina kesi.
Nalala chali juu ya gunia, najivuta
mpaka ubavuni mwa giaboksi,
na pale, kwenye kofia ya mpira ya masta ya chini,
tone jeusi linaning'inia,
halidondoki, halirudi.

Dada yangu Nyamizi amesimama kando, funguo kiganjani.
Tangu arobaini ya Baba hatusemeshani,
salamu zetu hupita kwa watoto.
Yeye ndiye dereva, Ipole kwenda na kurudi,
madumu ya asali mpaka kwenye turubai,
na mimi ndiye niliyesema mbele ya ukoo:
"Mguu wake hautoki kwenye klachi.
Ataiua gari ya marehemu."

Bolti mbili. Spana ya nusu inchi,
maana gari hii haijawahi kujifunza milimita.
Pistoni inatoka kwa shida, na raba yake,
yarabi, imevimba, imelainika
kama kidole kilichoshinda kwenye maji ya kufulia.
Raba haivimbi kwa mguu wa mtu.
Huvimba ikinyweshwa oili isiyo yake.

Naijua oili hiyo.
Ni usiku ule, hatujafika Sikonge,
Baba yuko nyuma juu ya godoro, anahesabu pumzi,
pedali ikazama ikakaa.
Oili ya breki hamna.
Kwenye sanduku la spana chupa ilikuwa moja,
ya injini.
Nikamimina. Nani angengoja kuche?
Tulifika Kitete alfajiri, na mliosalia mnayajua.
Ya chupa sikumwambia mtu.

Raba mpya, juu na chini.
Mabomba nayaosha kwa oili ya breki, si petroli.
Kutu ya ndani naisugua kwa msasa laini
mpaka ukucha upite bila kukwama.

Umebaki upepo,
na upepo hautolewi na mtu mmoja.
Lugusi ameenda kula.
"Panda," nasema.
Anapanda.

"Kanyaga."
"Nimekanyaga."
"Shikilia."
Nalegeza niplo. Kampira kanakohoa ndani ya chupa ya juisi,
povu, povu, oili, povu.
Nakaza.
"Achia."

"Kanyaga."
"Nimekanyaga."
"Umejaza kikopo?"
"Nimejaza. Siyo mtoto."
"Shikilia. Haya, achia."

Mara ya nane mapovu ni madogo kama chawa.
Mara ya kumi na moja hakuna kitu,
oili inashuka uzi mmoja, safi kama asali ya kwanza.
Kazi imekwisha. Nakaza niplo.

"Kanyaga," nasema.
"Nimekanyaga."

"Ile oili niliitia mimi, Nyamizi.
Usiku ule."

Juu yangu springi ya kiti inalia mara moja.
Fimbo ya masta imenyooka mbele ya pua yangu,
haitetemeki, haijarudi:
mguu wake bado upo.

"Nishikilie," anauliza,
"au niachie?"