Pale Mkanda Ulipoungwa

Jumamosi, Majengo, Baba alinyoosha mashati kwa rumba,
pasi ya mkaa ikifuata besi.
Akigombana na Mama aliweka taarabu,
sauti juu, yeye kimya.
Msiba ukija, redio ilifunikwa kitambaa;
tarumbeta za usharika zilitosha.

Siku moja redio ilitafuna rumba yake.
Akakata mkanda kwa wembe, akaunga kwa selotepu.
Neno moja likabaki kwenye wembe.

Tangu hapo naimba nikiruka.
Hata tulipomzika Kiborloni, tarumbeta zikilia,
kichwani mwangu rumba iliruka palepale.

Jana, soko la Mbuyuni, nimeusikia mzima.
Neno lenyewe ni “subiri”.
Nikasimama na fungu la mchare,
chenji nikaisahau.

Usiku, nikiosha vyombo,
nimeliruka tena.