Mahudhurio ya Taa

Theluji imeondoka kama mgeni mbaya,
bila kuaga, na baada ya kuvunja vyombo.
Aprili hapa Dauphin ni tope na upepo.
Nimepiga goti uani, mifuko ya plastiki magotini,
naita mahudhurio.

Tulichomeka taa kumi na moja mwaka ule.
Kumi na moja, kwa kuwa ya kumi na mbili
Metro alisema ni anasa.
Sasa naona saba.

Ardhi ikiganda huvimba kama unga uliotiwa hamira,
na ulichokipanda ndani yake hukitema.
Hii imetoka nusu, shingo upande,
kama mlevi anayeuliza njia.
Ile pale inamulika mawingu.
Mbili nimezikuta chini ya majani yaliyooza,
na moja kitandani mwa waridi, imelala kifudifudi.

Metro yuko dirishani. Goti lake jipya la chuma
lina wiki tatu, na daktari amemkataza kutoka.
Basi anasimamia kazi kwa kijiko:
akigonga kioo mara moja, kushoto;
mara mbili, kulia;
mara tatu, nimekosea tangu mwanzo.
Ndiye aliyelaza waya. Aliapa
ramani iko kichwani, karatasi ya nini?
Nimechimba alipoonyesha. Nimepata
gololi, uma wa keki, mizizi ya mbetula
na kipande cha sahani ya harusi yetu
ambacho sitauliza kilifikaje.

Waya ulikuwa mahali pengine kabisa,
ala imemenywa, shaba iko uchi:
panya wa shambani, miezi mitano chini ya theluji,
wakitafuna gizani
huku mimi jikoni juu yao nikikoroga supu ya bitiruti.
Sikusikia kitu.

Metro hutia chumvi akisimulia baridi hii.
Eti mate yalifika chini yakiwa kokoto.
Lakini chumvi ya barabarani haikuwa ya maneno:
imeila taa ya langoni
mpaka skrubu zake zimetoa machozi ya kijani.

Vioo vyote vina mtoto wa jicho.
Navisugua kwa siki na mswaki
(wa Metro, ule wa zamani, natumaini).
Ndani ya kimoja buibui amekaukia kazini,
utando wake mzima, haukukosa uzi.
Nimemtoa kwa ncha ya bisibisi, nikamwomba radhi.

Nakata waya, naunga, napaka grisi maungio.
Changarawe chini ya kila mguu, pimamaji ubavuni;
Bibi Halyna, fundi wa volti kumi na mbili,
kucha nyeusi, kiuno kinalalamika kwa lugha mbili.
Transfoma inanguruma bado, mzee mwaminifu,
ila saa yake ingali inaishi Januari:
huwasha saa kumi na nusu jioni,
wakati jua sasa linang'ang'ania hadi saa mbili usiku.
Naisogeza mbele. Laiti magoti nayo
yangekuwa na kitufe.

Ya kumi na moja: haipo.
Nimetafuta nyuma ya banda, chini ya ngazi,
hata kwa jirani, Bwana Fedoruk, ambaye hakuniazima
koleo wala pole.

Giza likaja taratibu. Swichi ikalia *taka*.
Kumi zikaitika, njia ikarudi mahali pake,
mbetula ukasimama tena kwa shina lake jeupe,
na kijiko kikagonga: mara moja, mbili, tatu.
Nini tena, Metro?
Nikageuka alikonyooshea kidole.

Kule pembeni, rundo la mwisho la theluji,
lile jeusi la masizi ambalo katapila lilitusukumia Februari,
lilikuwa linawaka kwa ndani,
kama yai lililoinuliwa mbele ya mshumaa.

Kijiko kimenyamaza.
Nimeweka alama ya vema kwenye bahasha ya bili ya umeme.
Kesho nitaichimbua, au nitaliachia jua;
lenyewe halina magoti.