Breki ya Mbele

Kibao ni chekundu, kidogo kama bahasha,
kimechorwa baiskeli na mshale mweupe.
Kinakutoa barabara kuu baada ya daraja la mbao,
lile lenye paa, linalonuka mvua ya jana,
na hapo ngurumo za malori zinakatika
kama redio iliyochomolewa.

Kuanzia hapo ni mimi na pumzi zangu.

Miaka kumi na tisa nimelipita bonde hili kwa gari,
vioo juu, mwendo wa themanini,
nikilikwepa kwa jicho paa la vigae kule kilimani,
paa la baba, ambalo sasa ni la Godi.
Kwa gari ni rahisi kununa.
Unakanyaga mafuta, kona inakusaidia,
na kinyongo hakipungui hata punje.

Lakini daktari wa Langnau alisema goti langu linataka kuzungushwa,
na jirani yangu Margrit akaniuzia baiskeli:
gia ishirini na moja, kengele moja,
na breki ya mbele inayolia kama paka aliyekanyagwa.
“Fuata vibao tu,” alisema. “Huko hakuna magari.”
Hakusema kwamba vibao havijui ugomvi wa watu.

Mlima wa kwanza niliupanda nimekaa.
Wa pili, nimesimama juu ya pedali.
Wa tatu nilishuka nikasukuma,
na ng'ombe wakainua vichwa kunitazama
bila haraka, wakitafuna.
Hii si milima ya kadi za posta.
Haina theluji ya kujivunia.
Ni mikunjo tu, kama shuka la mtu aliyeamka kwa haraka:
unashuka ili upande, unapanda ili ushuke,
na jasho la nusu saa upepo unalila kwa dakika mbili.

Kwenye kibanda kisicho na muuzaji
nilichukua kipande cha jibini, nikatia faranga nne mkebeni.
Hapa kwetu mpita njia tunamwachia mkebe wa pesa bila kufuli.
Ndugu wa tumbo moja
tulimpimia mpaka kwa kamba, mbele ya mwanasheria.

Kisha lami ikageuka changarawe,
changarawe ikageuka uwanja,
na njia, njia halali, iliyochorwa kwenye ramani,
ikapita katikati ya nyumba na zizi.
Kibao chekundu kimepigiliwa ukutani petu.

Nilitaka kupita. Naapa nilitaka kupita.
Ila uwanja unateremka, na mpira wa maji ulikuwa umelala njiani.
Nikashika breki. Breki ikapiga yowe.

Akatoka na uma wa nyasi mkononi, kofia ileile.
Amezeeka. Ningejua, ananizidi miaka miwili tu.

Waliosema milima haikutani hawakuuona uwanja wetu:
miteremko miwili inagusana pale, mlangoni mwa zizi,
na mtu juu ya baiskeli yuko karibu mno,
anahema mno,
kujifanya hakuona.
Nikamsalimu kwa salamu rasmi, ile ya watu baki.

Hakuitikia. Alipiga magoti kando ya gurudumu.
“Hedi,” alisema, “nani kakuuzia chuma hiki?”
Akaingia zizini, akarudi na spana na kipande cha msasa,
akasugua mpira wa breki, upande huu, upande ule,
polepole, kama anayefuta maandishi.
Konde la chini halikutajwa.
Wala mazishi ya mama.

“Jaribu.”
Nikajaribu. Kimya.
“Ule wa nne ni mkali. Punguza gia mapema,
usingoje mpaka ukwame.”

Nikapanda. Sikugeuka nyuma, ila nilipunguza gia mapema.

Breki haikulia tena mpaka Alhamisi.
Alhamisi niliisikiliza kwa makini sana,
nikasema: hii inataka kutazamwa.