Safu ya Nne

Nimefika Rau saa nne, viatu vimebeba tope la mfereji,
jalada kwapani, mhuri ndani ya mfuko wa nailoni.
Mimi ni Afisa Elimu wa kata hii.
Fomu yangu ina safu tatu:
yupo, mtoro, amehama.

Aikande hayumo hata moja.

Yumo jikoni, juu ya kigoda,
anapima unga wa ulezi kwa kikombe
na kuandika ukutani kwa mkaa:
robo, theluthi, robo tena.

Mama yake hanikaribishi kiti.
"Darasani walikuwa mia na kumi na tatu," anasema Ndeonasia.
"Sikio lake la kushoto halisikii. Wakamweka nyuma.
Miaka miwili mwanangu alitazama midomo ya watu kwa mbali,
nawe ukaandika: yupo."

Kweli. Mwandiko ni wangu.

Naomba daftari. Napekua.
Kuna hesabu za mayai, kuna barua kwa shangazi aliyeko Mwanga,
kuna ramani ya mifereji yote mpaka mlimani,
mishale ikionyesha maji yanakotoka
na nani huyachepusha usiku.
(Jina la mwenyekiti limepigiwa mstari.)

Ningeweza kufunga jalada hapo, nikaaga.

Lakini mama, mwaka juzi, kule Pasua,
nyumba yenye geti jeusi,
niliambiwa hivihivi: "Mtoto anasomea ndani."
Nikaamini. Nikanywa soda, baridi kweli,
nikashukuru.
Msichana aliyeniletea ile soda,
vidole vimechubuka kwa sabuni,
ndiye aliyekuwa anasomea ndani.
Nami nikamrudishia chupa.

Ndeonasia anakoroga uji ambao hauhitaji kukorogwa.

Aikande ameshasogea. Anaisoma fomu
kutoka upande wake wa meza, herufi zikiwa kichwa chini:
"M-to-ro."
Ananitazama mdomo, anangoja maana.
"Ni mtu aliyekimbia," nasema polepole.
"Mimi nimekaa," anajibu.

Nachora safu ya nne bila rula. Inapinda.
Sijui niiandike nini kichwani; wilayani watauliza,
na watauliza kwa simu, mbele ya watu.
Mhuri naurudisha mfukoni, mkavu.

"Nitarudi Alhamisi," nasema. "Na Alhamisi nyingine.
Nitataka kumwona yeye, siyo daftari."

Mama anafuta kigoda kwa khanga, anakisukuma kwangu.
"Njoo," anasema.
"Ila ukija, kaa kulia kwake."