Misumeno Miwili, Msitu wa Lendu

Ocaki alinunua wake Arua, mpya, mwekundu,
karatasi ya bei bado imeganda kwenye mpini.
Wa Wathum ni wa zamani, rangi ya chungwa imebabuka,
kifuniko kimefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Wakaniita mimi niamue,
kwa kuwa minyororo yote miwili huja kwangu kunolewa,
shilingi elfu mbili, tupa yangu, paja langu,
na msumeno huujui mpaka umeugusa meno.

Wakalaza gogo la mkalitusi, nene kama pipa.
Mtoto wa Giramia akashika simu kuhesabu sekunde.
Ule mwekundu uliwaka kwa mvuto mmoja.
Ule wa zamani ulivutwa mara nne,
ukakohoa, ukatema moshi,
ukagoma kama mbuzi mbele ya daraja,
kisha ukakubali.

Mwekundu: sekunde kumi na mbili.
Wa chungwa: kumi na tisa.
Watu wakapiga mbinja. Ocaki akauinua juu
kama mtoto aliyetoka kubatizwa.

Nikasema, ngojeni.
Kasi ni habari ya asubuhi.
Nipeni siku nzima. Nipeni gogo lenye fundo,
nipeni mteremko wa tope, mguu mmoja juu, mwingine chini,
na msonobari unaoegemea upande usioutaka.

Hadi jua la utosi Ocaki alikuwa ameangusha kumi na moja.
Wathum, saba.
Lakini mwekundu hunywa: petroli ya kufikia saa sita
iliisha saa nne na nusu.
Na ukikuta fundo, ncha ya upanga wake huruka,
hurudi kifuani ghafla
kama mtu aliyekumbushwa deni mbele ya wakwe.
Ule wa zamani hukaa.
Huuma gogo kwa makucha yake, hushuka
kama mwenye nyumba anayeketi kwake.
Uzito wake, lakini!
Tangu mvua za mwaka jana Wathum hulalia ubavu mmoja.
Siusifu bure.

Jioni, chai. Mizani yangu iko hapo.
Mama Acirocan alijaza vikombe vya bati mpaka ukingoni.
Wathum akanywa.
Ocaki alishika chake kwa mikono miwili, na chai ikatembea,
ikashuka gotini, ikaingia kiatuni,
vidole vyake vikiwa bado kazini,
vikikata mti ambao haupo.
Akacheka. Akasema ni baridi ya Lendu.
Hakuna aliyemjibu.

Baba yetu alipasua mbao shimoni,
mwenzake juu, yeye chini,
unga wa mbao ukimnyeshea machoni miaka ishirini.
Alikufa haoni vizuri.
Lakini kikombe alikishika.

Ndiyo, baba yetu. Ocaki ni mdogo wangu.
Usiku ule nilimfungua vifungo vya shati, kimoja kimoja,
kama alipokuwa na miaka minne,
naye akatazama ukutani.

Kesho wataniuliza tena, upi mshindi?
Nitasema mwekundu. Sekunde ni sekunde.
Na mkopo wa Arua umebakiza miezi minane,
hauwezi kulipwa kwa miti saba kwa siku.

Sasa nimeketi na taa na tupa.
Jino, naruka moja, jino.
Wa Wathum umekwisha. Wake nimeuweka wa mwisho.
Mbele ya kila jino kuna kidole kidogo cha chuma
kinacholiambia jino lile mbao kiasi gani.
Fundi hukipunguza, msumeno upate njaa.
Vyake sikuvigusa.
Kesho utakata polepole, utatulia kidogo mkononi.
Atadhani ni petroli mbaya.
Atamtukana yule Mhororo wa kituoni
aliyemuuzia.