Shuka za Zulmira

Mmeniandikia neno moja: upepo.
Eti Madeira ulivuma kupita kiasi, rubani akakataa,
basi hamdaiwi, tumemalizana.

Siku ile nilikuwa Lizboni,
lango namba kumi na saba, keki ya harusi mapajani,
nikitazama ubao ukigeuza saa tisa kuwa saa kumi na mbili,
kisha saa kumi na mbili kuwa neno jekundu.
Benilde wangu akaolewa bila mama, bila keki.

Lakini nina dada, Zulmira, dobi wa hoteli,
ua wake umepakana na njia ya ndege.
Saa kumi kamili alinitumia picha, akinung'unika:
"Hazikauki! Hata pindo halitikisiki."
Shuka arobaini, zimenyong'onyea kambani
kama watoto waliokaripiwa.
Na nyuma yake, juu kidogo ya ukuta,
ndege ya wenzenu inatua, magurudumu chini.

Picha hiyo nimeiambatisha.
Na tiketi. Na risiti ya supu, maana hata supu nilijinunulia.

Keki niliila na mfagiaji wa zamu ya usiku;
tuliikata kwa kadi ya kupandia ndege.
Kwa hiyo kadi ina sukari. Msinirudishie kwa sababu hiyo.

Zulmira asema niwaachie Mungu.
Mungu nimemwachia mengi;
hizi yuro mia mbili na hamsini
nitazifuata mwenyewe.
Nangoja jibu.
Kungoja mlinifundisha ninyi.