Upana wa Njia

Hati ya mwaka wa mvua nyingi haikutaja mita.
Ilisema: njia ipite shamba la Outeiro,
upana wake mkokoteni wa ng'ombe wenye kuni,
au jeneza na wachukuzi wake pande zote.

Bwana Ramil alinunua, mtu wa Vigo,
akatia geti, kufuli, na mbwa.
"Nimelipia kila shubiri," akasema, na kweli amelipia.
Bi Balbina hakubishana. Alipita.
Kila Alhamisi jua likizama
alikwea ukuta wa mawe, na miaka yake themanini na moja,
jembe begani, akafungulie maji ya zamu yake:
masaa matatu ya mfereji, aliyoyarithi kwa mama
kama wengine wanavyorithi pete.

Hakimu alinituma mimi na utepe wangu.
Nipime nini? Ng'ombe walishauzwa,
mkokoteni umeoza, limebaki gurudumu
lililoegemezwa mlango wa banda la kuku.
Nikaketi juu ya ukuta, nikaandika:
"Haki isiyotumika hufa."
Nikafuta. Kwenye jiwe lile lile
palikuwa na alama ya kiatu, tope bado bichi.

Februari, kabla hukumu haijatoka,
Balbina alitolewa nyumbani na watu sita.
Ramil kasimama getini, kofia mkononi.
Kufuli liliganda kwa baridi;
akaling'oa geti zima, bawaba na misumari,
akalilaza kwenye nyasi.

Wakapita. Nilipima kwa macho:
mita mbili na robo,
viwiko vya wachukuzi vikigusa mizabibu.